Kifaa Nilichokilaza

Karatasi ninayo mpaka leo. Ni nusu ukurasa wa daftari la mistari, imekunjwa mara nne, na kwenye pembe zake kuna mabaki ya selotepu yaliyogeuka rangi ya chai. Mwandiko ni wangu, ule wa herufi zilizosimama wima tuliofundishwa sekondari. Imeandikwa hivi:

"Taa ndogo ya kijani ikizimika, kifaa kimelala. Msikiguse. Kazi ikija kitaamka chenyewe. Ni marufuku kuchomoa waya wowote."

Kwa maneno hayo mama mmoja alikufa njiani, na muuguzi aliyekuwa akimhangaikia akapoteza kazi na jina lake. Huyo muuguzi hakukosa chochote. Aliyekosa ni mimi, na nilijua hivyo siku ile ile nilipoibandua karatasi hii ukutani.

Sikusomea ufundi. Nilikuwa karani wa ghala la kahawa la ushirika, huku juu Mbinga. Soko lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakaanza kupita na magari yao mpaka mashambani, Matiri na kwingineko, na ghala letu likabaki na panya. Tukapunguzwa. Nilirudi Matiri kwenye ngolo za baba yangu, yale mashamba yetu ya mashimo mlimani, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na suruali mbili za ofisini ambazo mke wangu alizitundika ukutani kama picha.

Kitu kimoja nilitoka nacho ushirika. Mwishoni kabisa ofisi ilikuwa imenunua kompyuta, na kati yetu wote ni mimi tu niliyethubutu kukifungua kitabu chake cha Kiingereza na kukisoma mpaka mwisho. Habari hiyo ilifika hospitali moja ya huku juu, ambako wafadhili walikuwa wameleta kompyuta na hapakuwa na mtu wa kuziwasha. Nikaitwa. Baada ya miezi michache kila mtu alikuwa ananiita Fundi, na mimi nikaanza kuitika kwa sauti ya mtu anayestahili.

Hospitali ilikuwa inaangalia zahanati kadhaa, mojawapo ikiwa chini ufukweni mwa ziwa. Sitakitaja kijiji, walioko huko wanakijua. Kutoka Mbinga kushuka huko ni kona juu ya kona, na msimu wa mvua gari linaweza kuchukua nusu siku. Simu hazikuwapo. Palikuwa na redio ya kuzungumzia, na wafadhili wakaongeza jambo jipya: kompyuta ndogo ya kukunja iliyounganishwa na ile redio, ili zahanati iweze kutuma ujumbe wa maandishi nasi tuupokee kule juu. Ujumbe ukisema "leteni gari," dereva wa hospitali alikuwa anashuka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa.

Umeme wa zahanati ulitoka kwenye sola moja na betri ya lori. Betri hiyo ndiyo iliyowasha taa ya chumba cha kujifungulia, redio na kompyuta. Kwenye jua ilitosha. Mvua zilipoanza na mawingu kukaa juu ya ziwa wiki nzima, taa ya chumba cha kujifungulia ikaanza kuwa nyekundu kama kaa la moto.

Muuguzi mwenye zahanati alikuwa Mnyasa wa hapo hapo, mwanamke mwenye mwili na sauti ya kuongoza nyimbo kanisani. Watu walimwita Mama Zahanati. Aliniletea malalamiko kwa njia yake.

"Kaka Fundi, shikamoo. Mashine yako inakula kuliko wagonjwa."

"Marahaba, dada. Inakula nini?"

"Betri. Jana nimezalisha kwa tochi nimeibana kwapani. Mtoto ametoka, ameniangalia, nikaona kabisa anataka kurudi."

Tulicheka. Nilimwambia nitarekebisha.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kuondoa kipaza sauti cha redio. Watu walikuwa wanakitumia kusalimiana na ndugu zao waliokuwa wanauguza hospitalini, salamu za ukoo mzima, na kila salamu ilikula betri. Nilikichomoa, nikakifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikapanda nacho Mbinga na kukifungia kabatini kwangu. Maandishi yanatosha, nilisema. Maandishi hayana umbea.

La pili lilikuwa ndani ya kompyuta, ambayo nilipanda nayo pia. Kati ya kompyuta na redio palikuwa na kifaa kidogo cha ukubwa wa kiberiti, chenye taa ndogo ya kijani. Maneno yote yalipita humo. Hakikuwa na betri yake wala swichi. Kilipata umeme kutoka kwenye tundu la kompyuta kilikochomekwa. Sasa, kwenye kompyuta kila kifaa cha pembeni kina ukurasa wake wa mipangilio, na humo kuna kiboksi cha kuweka tiki. Ukikiweka tiki, unairuhusu kompyuta ikikatie kifaa hicho umeme kikikaa bila kazi, na kukirudishia kazi ikija. Nilipita kifaa kimoja baada ya kingine nikiweka tiki, kama mtu anayefunga milango ya nyumba yake. Nilijiona mtaalamu wa kuokoa betri.

Lakini kukata na kurudisha si kazi ya kompyuta peke yake. Kila kifaa kinahitaji programu yake ndogo inayoifundisha kompyuta namna ya kukiendesha. Wenye lugha wanaiita dereva, nami nikaiita hivyo hivyo. Dereva wa kiberiti kile alikuja kwenye diski, na kwenye diski palikuwa na ukurasa mmoja wa maelezo. Niliusoma. Hili nataka lieleweke: niliusoma, na Kiingereza chake nilikielewa. Ulisema dereva huyu anajua kukikatia kifaa umeme lakini kukiamsha bado hajui vizuri, kwa hiyo kisiruhusiwe kulala. Nikayachukulia maneno yale kama maandishi ya kwenye paketi za dawa, yanayotisha kila kitu ili mtengenezaji asilaumiwe.

Nilikijaribu, ndiyo. Nilikijaribu hospitalini, mezani kwangu, jenereta likiwaka. Niliacha kompyuta imekaa kimya nikaenda kula, nikarudi, nikatuma ujumbe, ukaenda. Nikasema basi, kinalala na kinaamka. Nilichokuwa sijafikiri ni kwamba kompyuta ikiwa kwenye umeme wa jenereta haina shida ya kubana matumizi. Haikuwa imekilaza hata dakika moja. Nilikuwa nimejaribu kuamka kwa kitu ambacho hakikulala.

Nilishuka nayo ufukweni na nikamweleza Mama Zahanati.

"Hii taa ya kijani ikizimika usiogope. Kimelala."

"Mashine inalala?"

"Inalala ili kuokoa betri. Dereva wake atakiamsha kazi ikija."

"Na huyo dereva naye asipoamka? Mimi namjua dereva wenu wa gari, mpaka apigiwe dirisha."

"Huyu halewi."

"Haya. Na nikiona kazi imekuja na chenyewe bado kimelala, nikitingishe?"

"Usikiguse," nilimwambia, na sikucheka tena. Mwezi mmoja nyuma mhudumu wake alikuwa amechomoa nyaya za redio wakati wa kufagia na kuzirudisha kinyume, fyuzi ikaungua, nikalazimika kushuka kona zote zile kwa ajili ya fyuzi. Nilikuwa bado na hasira. "Hapa hachomoi mtu waya. Nitakuandikia."

Nikaandika, nikabandika ukutani juu ya meza. Yeye akaisoma kwa sauti, polepole, kama anavyosoma somo kanisani. Kisha akasema, "Kimelala. Sawa. Kwetu aliyelala tunamheshimu."

Ningeyapanga vizuri maneno yangu siku ile, ningeweza kusema "kimezimwa." Kitu kilichozimwa, mtu yeyote anajua kinahitaji mkono wa kukiwasha. Nikachagua "kimelala," kwa sababu lilikuwa neno zuri na lilimchekesha. Mtu akikuambia mtoto amelala, unapunguza sauti na unafunga mlango taratibu. Ndivyo walivyofanya.

Haikufika wiki tatu.

Ilikuwa asubuhi ya mvua. Mimi nilikuwa Mbinga, mezani kwangu, mbele ya kompyuta ya kupokelea. Sanduku la ujumbe lilikuwa tupu. Nje, gari la hospitali lilikuwa limesimama chini ya paa la mabati, dereva amelaza kiti anasinzia. Daktari alipita akauliza habari za mwambao. Nikamjibu, "Leo mwambao kumetulia."

Huko mwambao mama kijana alikuwa mezani pa kujifungulia tangu usiku, na mkono wa mtoto ulikuwa umetangulia kutoka. Hayo sikuyaona; Mama Zahanati aliyaeleza baadaye mbele ya kamati. Alisema aliandika ujumbe kulipopambazuka. Akabonyeza kama nilivyomfundisha. Ujumbe ukaondoka pale alipouandikia ukakaa kwenye foleni ya kutoka, na taa ya kijani ilikuwa haijawaka. Akasubiri kiamke. Akarudi kwa mgonjwa, akaja tena, taa bado. Mhudumu akamwambia, "Mama, tukichomoe tukichomeke." Akanyoosha kidole ukutani: "Fundi amekataza. Tukikiharibu, hata hilo gari hatutalipata." Akaandika ujumbe wa pili. Kipaza sauti cha redio hakikuwapo; kilikuwa kabatini kwangu. Ziwa lilikuwa limechafuka, hakuna mtumbwi uliotoka.

Saa saba mchana likatokea lori lililokuwa limebeba usipa, wale dagaa wa ziwani, wa kukaushwa. Wakamlaza mama yule juu ya magunia wakaanza kupanda milima. Alikufa kwenye kona, kabla ya nusu ya njia, na mtoto wake hakutoka.

Ndugu za marehemu walikuwa na swali moja tu: kwa nini gari halikuja? Kamati ya hospitali ikamuuliza Mama Zahanati. Akasema, nilituma. Wakaniuliza mimi. Nikasema, sikupokea. Wote wawili tulisema kweli. Wakaniagiza nishuke nikague mashine niandike ripoti.

Nilifika pale mimi na dereva wa gari tu. Mama Zahanati alinisalimia, akakaa kwenye benchi la wagonjwa akaniangalia. Taa ya kijani ilikuwa imezimika. Nilifungua foleni nikazikuta jumbe zote mbili. Ya kwanza: "Mjamzito, mkono umetangulia. Leteni gari upesi." Ya pili: "Bado tunasubiri. Anachoka. Tafadhali."

Nilizisoma mara nyingi. Kisha nikachomoa kifaa kile kwenye tundu lake nikakichomeka tena. Ni kitendo cha vidole viwili. Taa ikawaka.

Hapo nilikuwa na nafasi. Ningemwita, ningemwambia njoo uone. Badala yake nilikichomoa tena kabla hazijaondoka, nikazifuta zile jumbe mbili, foleni ikawa tupu. Nikafungua kurasa za mipangilio nikaondoa tiki zangu moja moja. Nikachomeka tena na kutuma ujumbe wa majaribio, ukafika Mbinga salama. Mwisho nikaibandua karatasi ukutani.

"Karatasi unaichukua, kaka Fundi?"

"Imechakaa. Nitakuletea nyingine."

Haikuwa imechakaa. Haikuwa na mwezi mmoja. Aliniangalia mfukoni ilikoingia, kisha akaniangalia usoni.

Kwenye ripoti niliandika: "Nimekikuta kifaa katika hali ya kufanya kazi. Hakuna ujumbe uliokwama." Kila nilipojaribu kulala wiki zile nilikuwa najiambia kwamba maneno hayo si uongo, kwa sababu nilipoandika ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa na watoto wanne shuleni, na nilikwisha kujua maisha ya kupunguzwa yalivyo. Nayataja kwa kuwa ndivyo nilivyofikiri, wala sitaki yanipunguzie.

Mama Zahanati aliondolewa kazini kwa uzembe. Hakunitaja mbele ya kamati. Alipoulizwa kama ana la kuongeza alisema, "Mimi nilituma. Mungu anajua, na mtu mwingine anajua." Watu wakadhani anamsema mhudumu wake.

Niliendelea kuitwa Fundi miaka mingi. Simu zilikuja, minara ikasimama mpaka ufukweni, zile redio zikatupwa stoo. Mke wangu alifariki. Nilistaafu nikarudi Matiri kwenye kahawa. Nilikuwa naiungama dhambi hii kila Kwaresima kwa maneno ya jumla: nimesema uongo kazini. Padri ananipa sala, nasali, narudi nyumbani na karatasi iko pale pale ndani ya kitabu changu cha nyimbo.

Mwaka uliopita miguu ilianza kunikataa, nikaona nisipokwenda sasa sitakwenda. Nilishuka kwa basi. Nilimkuta Mama Zahanati uani kwake akigeuzageuza usipa juu ya kichanja, amekonda, sauti ile imepungua. Hakunisahau.

"Umekuja na karatasi nyingine?" aliniuliza. "Uliniahidi."

Nilimweleza yote, tiki, diski, jenereta, foleni, hata kipaza sauti. Nilimwonyesha karatasi. Hakuipokea, mikono yake ilikuwa na magamba ya samaki.

"Nilijua siku ile ulipoichukua," alisema. "Mtu habebi kitu kilichochakaa kwa upole namna ile."

"Kwa nini hukusema, dada?"

"Nani angeniamini? Wewe ulikuwa Fundi." Akageuza usipa safu nzima kabla ya kuendelea. "Mimi sihitaji uniombe msamaha. Unamwona bibi wa nyumba ile ya bati? Ndiye mama wa marehemu. Tangu siku ile nilikuwa nampitia namwambia shikamoo, hakuniitikia hata mara moja, mpaka huu mwaka wa tatu nimeacha kumpitia. Mimi ninazeeka, sina kilio kingine. Nenda ukamwambie huyo."

Tulikwenda pamoja. Bibi alikuwa ameketi mlangoni juu ya mkeka. Mwenzangu akasema, "Shikamoo, mama," na bibi akaitikia mara moja, "Marahaba, mwanangu," kwa furaha. Nilimwona mwenzangu anashtuka. Nikasalimia nami, nikaitikiwa vile vile. Nikapiga magoti kama miguu ilivyoniruhusu nikaanza kueleza. Bibi alisikiliza akinitazama mdomoni. Nilipofika kwenye ujumbe uliokwama akanishika mkono.

"Kwani gari limefika?" aliuliza. "Mwambieni mwanangu avumilie. Gari liko njiani."

Mjukuu wake akatoka ndani akasema tumsamehe, bibi ana mwaka wa pili hamjui mtu, kila anayepita anamwita mwanangu.

Kwa hiyo ile marahaba haikuwa ya mwenzangu. Tulirudi uani kwake. Alikaa kando ya kichanja chake, nami nikabaki nimesimama sijui pa kuweka mikono. Aliposema, alisema bila kunitazama.

"Basi andika. Ile ya kwanza uliandika, na sisi tukaifuata kama Injili. Andika hii, wajukuu za bibi waisome, na kanisani isomwe."

Niliandika usiku huo nikiwa nyumbani kwa mdogo wangu aliyeolewa kule, na asubuhi nikampelekea. Alivaa miwani, akaisoma kwa sauti polepole, vile vile kama zamani. Nilikuwa nimeandika: "Siku ile kifaa kililala, na ujumbe wa Mama Zahanati haukutoka."

Akanirudishia.

"Hapa umekosea."

"Wapi, dada?"

"Kifaa hakikulala. Ulikilaza. Andika hivyo."

Nikalipiga mstari neno langu, nikaandika lake juu kwa herufi zangu zilizosimama. Akaisoma tena mpaka mwisho, akaikunja, akaiweka ndani ya kanga yake. Kisha akarudi kwenye usipa wake, kwa sababu jua lilikuwa limeshapanda.